Mji unataka banio letu la chemchemi. Tukiachia maji, hali inakuwaje baada ya miaka kumi?

Katibu wa Mfereji

Wakuu, shikamooni wenye kustahili, wenzangu mambo vipi. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni katibu wa kamati ya mfereji wetu huku mteremkoni mwa Kilimanjaro. Kijiji sikitaji na mji siutaji, maana mazungumzo bado yanaendelea na sitaki kuitwa ofisini kujieleza. Mfereji ni wa zamani, babu yangu aliukuta. Unaanzia kwenye chemchemi, kuna banio (kizuizi cha kugeuzia maji mferejini) la mawe na saruji tulilolijenga upya kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, halafu unashuka kama kilomita nne hadi mashamba ya chini. Wa juu wanamwagilia migomba na kahawa, sisi wa chini ni nyanya, vitunguu, maharage na mahindi ya kuchoma. Zamu ni saa sita kwa kaya, inarudi siku ya nane. Yangu mara nyingi inaangukia usiku, kwa hiyo nikisema naujua mfereji huu, naujua mpaka vyura wake.

Sasa mji umepanda kutufuata. Palipokuwa mahindi pamekuwa viwanja, kila kiwanja kina msingi na kila msingi unasubiri bomba. Mamlaka ya maji ya mji imekuja na pendekezo: tuachie kibali chetu cha kutumia maji ya chemchemi, wao wajenge tangi na kulaza bomba. Sisi tutapata kifuta jasho kwa kila ekari, vioski vitatu vya maji, na "maji yatakayozidi" yataendelea kushuka mferejini. Hilo neno "yatakayozidi" nimeliandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu mwenyewe, na kila nikilisoma linanikwama kooni.

Jambo jingine. Walipima mwezi wa Mei. Kijana alikinga mfereji kwa ubao uliokatwa pengo la pembe tatu, akasoma kimo cha maji kwa rula, akaandika, akapiga picha, akaondoka. Mwezi wa Mei, jamani! Mwezi wa Mei huku kwetu hata mtaro wa barabarani una maji. Angekuja Septemba angetukuta tunagombana.

Mkutano umegawanyika. Wenye mashamba wanaoishi Dar na Arusha wanasema tuchukue hela, kilimo chenyewe kinawatia hasara. Wanaolima kwa kukodi hawana hata kiti cha kusemea, na ndio wengi. Mimi mwenyewe nimerithi nusu ekari na nimekodi ekari moja na nusu, kwa hiyo kifuta jasho kitanifikia robo, ile robo tatu kitakwenda kwa mtu ambaye jembe lake la mwisho alilishika akiwa darasa la saba.

Ninachoomba: je, kuna mahali mnapopajua ambapo wakulima waliachia maji ya umwagiliaji yakaenda mjini, na miaka ikapita? Nini kiliwapata? Sitaki nadharia, nyingi nimeshazisikia kwenye semina za posho.

Nawasilisha.

Dereva wa Nyanda

Dada Katibu, uzi wako umenikuta kwenye kituo cha malori nasubiri kupakia. Kwetu ni Same, tulikua tukilinda ndiva ya kijiji, lile bwawa dogo la kukusanyia maji ya umwagiliaji, kwa hiyo mambo ya zamu ya usiku siyo mageni. Sasa ni mwaka wa 11 niko Marekani, jimbo la Colorado, mji wa Aurora. Na mji huu ninaokunywa maji yake ndio mmojawapo wa ile unayoiulizia, sema wao walianza miaka hamsini iliyopita.

Kwanza ujue tofauti. Hapa haki ya maji ni mali kama ng'ombe. Unaweza kuiuza ukabaki na shamba, au ukauza shamba ukabaki na maji. Aliyeanza kuyatumia zamani ndiye anayejaziwa kwanza, aliyekuja nyuma anangoja. Haki yenye tarehe ya mwaka 1874 inaishinda ya mwaka 1890, hata kama mwenye ile ya pili ana watoto kumi. Na mfereji ni kampuni, wakulima wana hisa. Mji unapotaka maji ya zamani yasiyokatika, unakwenda kununua hisa za wakulima. Wenyewe wana msemo wao wa biashara hiyo, maana yake ni "nunua, kausha".

Kuna wilaya inaitwa Crowley, mwendo wa kama saa mbili na nusu kusini-mashariki mwa hapa, makao yake ni Ordway. Nakwenda huko mara mbili kwa mwezi kupeleka mahindi ya kunenepeshea ng'ombe. Zamani mfereji wa Colorado Canal ulikuwa unamwagilia zaidi ya ekari 50,000: viazi sukari, tikiti, nyanya, majani ya mifugo. Kuna mji pale unaitwa Sugar City, ulikuwa na kiwanda cha sukari. Sukari hakuna siku nyingi. Miaka ya 1970 na 1980 miji ya Colorado Springs, Pueblo na Aurora ilinunua sehemu kubwa ya hisa. Leo wanaomwagilia wamebaki na ekari elfu chache tu.

Na hakuna aliyeibiwa, hilo nataka ulisikie vizuri. Kiwanda cha sukari kilishafungwa kabla, miaka ya 1960, watu walikuwa na madeni benki, watoto hawataki kulima. Mji ulikuja na hela nzuri kuliko ambayo shamba lingewapa maisha yao yote. Waliuza wakashukuru. Ningekuwa mimi ningeuza.

Ila sasa njoo upaone. Unaingia kutoka magharibi, kulia kwako mashamba yamenyooka kwa rula, matuta ya zamani bado yanaonekana, hakuna kitu juu yake. Kuna gugu moja la mviringo, likikauka linang'oka zima na kuviringika na upepo kama mpira. Yanarundikana kwenye fensi mpaka fensi haionekani, upepo ukizidi yanavuka barabara makundi kwa makundi. Machi mwaka jana niliegesha nikalala, asubuhi nikakuta yamejisokomeza chini ya tela, nikayatoa kwa chepeo nusu saa nzima. Vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo, linaingia hadi kwenye kifuniko cha chai. Hiyo ni ardhi iliyolimwa na kumwagiliwa miaka themanini, halafu ikaachwa mtupu. Haikurudi kuwa pori, maana nyasi za asili zilishang'olewa zamani, na bila maji ya kuzianzisha haziji zenyewe.

Sasa wale waliokataa kuuza. Hawa ndio wewe, dada. Walidhani watabaki na hisa zao, wataendelea. Lakini mfereji wa udongo una kiu yake kwanza. Ule mtaro mrefu ulizoea kujaa. Ukiupitishia maji ya watu wachache, udongo unakunywa njiani, huku mwisho panafika matope. Na gharama za kuzibua na kukarabati zilizokuwa zikigawanywa kwa mia zinagawanywa kwa kumi. Mzee mmoja pale mahali ninaposhusha mahindi aliniambia baba yake hakuuza hisa hata moja, na bado alikauka. Alisema bila hasira, anakula sandiwichi yake.

Halafu duka la mbegu likaondoka, fundi wa trekta akaondoka, shule zikapungukiwa kodi maana ardhi kavu haina thamani ya kutozwa. Unajua kilichokuja badala yake? Magereza. Yapo mawili katika wilaya ndogo vile, na wafungwa ni sehemu kubwa ya watu wanaohesabiwa pale. Kwangu mimi kinachonichekesha kwa uchungu ni mzigo wangu: nabeba mahindi kutoka Kansas kuyapeleka mahali palipokuwa pakilima chakula chao cha mifugo.

Waliofuata walijifunza. Jirani na hapo kuna Rocky Ford, mji wa matikiti. Aurora ilinunua sehemu kubwa ya mfereji wao pia miaka ya 1980, lakini safari ile mahakama ya maji iliweka sharti: kabla hujahamisha maji, rudisha nyasi shambani, na nyasi zenyewe zimwagiliwe mpaka zishike. Imechukua miaka mingi na hela nyingi. Kwa hiyo andikeni mapema nani atavika ardhi nguo, na nani atalipa.

Wamepiga honi, zamu yangu ya kupakia. Nitarudi.

Mama Maandazi

Dada Katibu mimi niko upande wa pili wa bomba. Nakaa mtaa wa pembezoni mwa mji, sisemi mji gani na mimi. Kiangazi maji yanatoka usiku wa manane siku mbili kwa wiki, tunaamka kukinga kama wanga. Yasipotoka nanunua dumu kwa kijana wa toroli, na siwezi kupandisha bei ya andazi kila dumu linapopanda. Nina watoto watatu na mama mgonjwa anayehitaji kuogeshwa.

Simtetei mtu. Lakini msiongee kama vile maji yanakwenda kujaza bwawa la kuogelea la tajiri. Mengine yanakuja kwangu. Ila pia nyanya zangu nanunua kwenu, tenga linashuka asubuhi na kirikuu. Mkikauka ninyi sijui nitazitoa wapi.

Mstaafu wa Bonde

Mwanangu Katibu, nimefanya kazi ya maji miaka mingi katika bonde la Pangani. Simulizi ya huyo dereva ni nzuri, lakini msiibebe nzima nzima. Kwetu maji hayauzwi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 maji yote ni mali ya umma, ninyi mna kibali cha kuyatumia tu. Kwa hiyo kinachoitwa kifuta jasho si bei ya maji, na hamwezi kupeana kibali mezani kama mnavyopeana shamba. Lazima kipite bodi ya maji ya bonde.

Maswali yangu matatu. Kibali kimeandikwa kwa jina la nani? Mara nyingi nimekuta mfereji wa miaka mia, wazee wana fimbo na heshima, kibali hakuna, au kipo kwa jina la kijiji na karatasi ililiwa na mchwa. Pili, kimeandikwa kiasi gani cha maji, na kwa miezi ipi? Tatu, hiyo kamati yenu, je, imesajiliwa kama jumuiya ya watumia maji? Kama haijasajiliwa, mkutano wenu wote huo ni baraza la kahawa.

Na mjue sheria na sera zinaweka maji ya kunywa na ya nyumbani mbele ya umwagiliaji. Yule mama wa maandazi, mbele ya bodi, anaanza yeye. Mkienda na hoja ya "maji ni yetu" mtashindwa asubuhi tu. Nendeni na hoja ya kiasi, na ya msimu.

Sasa kuhusu "yatakayozidi". Hapa ndipo wengi wanapigwa bila kujua, na tena si ninyi tu. Maji yakiingia shambani hayaishii pale. Mengine mmea unayanywa na jua linayakausha, hayo yamekwenda. Mengine yanazama, yanatokea tena chini kwenye visima, vijito, majaruba ya mpunga ya watu msiowajua. Tuseme mmeingiza ndoo kumi na mmea umekula tano: zile tano nyingine zina wenyewe huko chini. Bomba likichukua zote kumi pale kwenye chemchemi, aliye bondeni atashangaa kisima chake kimekauka na hakualikwa kwenye mkutano wowote. Na chini zaidi kuna bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kwa hao wenzetu wa Colorado, nijuavyo, mahakama humruhusu mnunuzi kuhamisha yale tu ambayo mazao yalikuwa yakiyala, yale ya kurudi mtoni lazima yaendelee kurudi. Hilo ni jambo la kuiga.

Ombi la kibali likipelekwa, hutangazwa, na mwenye pingamizi huandika. Andikeni. Pingamizi la mdomo halina faili.

Dereva wa Nyanda

Nimerudi. Mzee Mstaafu, shikamoo, umenisahihisha vizuri, na hilo la kurudisha maji mtoni ndivyo lilivyo.

Naongeza moja. Hata hapa sasa wameanza kuogopa kununua moja kwa moja. Mwaka 2024 Aurora ilinunua shamba kubwa bonde lile lile la Crowley na Rocky Ford, bonde la mto Arkansas, kwa dola zaidi ya milioni 80, lakini wanasema watachukua maji miaka mitatu katika kila kumi, miaka mingine shamba liendelee kulimwa. Watu wa bondeni hawakuwaamini, wamepiga kelele sana, wanasema miaka mitatu ya leo ni kumi ya kesho. Mimi nani, lakini Ordway nimeiona, siwalaumu.

Na kuna mfano mwingine nimeupita mara nyingi nikishika barabara ya kusini, Blythe, California, bonde la Palo Verde. Wale tangu mwaka 2005 wana mkataba wa miaka 35 na shirika linalopeleka maji ukanda wa Los Angeles. Hawakuuza. Mwaka ambao mji una kiu, sehemu ya mashamba inapumzishwa, kati ya asilimia 7 na 28 hivi, na wenye mashamba wanalipwa kwa kupumzisha. Mwaka wa mvua wanalima karibu lote. Halafu, na hapa ndipo wenzako wanaolima kwa kukodi wasikilize, uliwekwa mfuko wa dola milioni 6 kwa ajili ya mji wenyewe, kwa sababu mwenye shamba analipwa akilala, kibarua na muuza mbolea hawalipwi.

Sisemi mfuko ule uliwatosha vibarua. Nasema walau kuna mtu alikumbuka kuwa wapo.

Katibu wa Mfereji

Baba Mstaafu, shikamoo. Kaka Dereva, ahsante, Mungu akulinde barabarani. Mama Maandazi, nimekusoma mara mbili. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kuwaona watu wa mjini kama nyoka wa banio, na sasa nina aibu kidogo.

Jana jioni nimekwenda kwa mweka hazina kuomba sanduku la nyaraka. Kibali kipo! Ni cha zamani, kimekunjwa mara nne, jina ni la kijiji, na sehemu ya kiasi cha maji kuna doa la mafuta ya taa juu ya tarakimu. Ya kwanza ni 2 au 7. Nimecheka nikakaa chini.

Jumamosi kuna mkutano. Nitapendekeza tusiseme ndiyo wala hapana. Tuwaambie: mji uchukue kiasi fulani mwaka mzima kwa ajili ya majumbani, kipimwe wakati wa kiangazi si masika, na mkiwa na ukame mkali zaidi mtukodi zamu zetu kwa msimu, kwa maandishi, mkilipa anayelima siyo mwenye hati peke yake. Wa Dar watanuna. Pia tuwaite wa majaruba ya chini, hatujawahi kukaa nao hata siku moja, huwa tunatukanana tu wakati wa kiangazi.

Baba, swali dogo. Ule ubao wa pengo la pembe tatu tunaweza kuuchonga wenyewe? Seremala tunaye.

Mstaafu wa Bonde

Mnaweza. Pengo liwe na pembe ya digrii 90 kamili, mpe seremala pembe ya daftari la mwanao apimie. Kingo zichongwe ziwe nyembamba kama kisu, upande wa wembamba uelekee maji yanakotoka. Ubao usimame wima, pembeni mkandike udongo wa mfinyanzi, lisipite tone ila penye pengo. Maji yaanguke huru upande wa pili, yasirudi kugusa ubao.

Rula usiiweke kwenye pengo lenyewe, hapo maji yameshaanza kuinama. Rudi nyuma hatua moja mferejini, chomeka mti, sifuri ya rula ilingane na ncha ya chini ya pengo. Soma kila siku saa ile ile, andika, piga picha rula ikionekana.

Kimo cha sentimita 20 ni kama lita 25 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita nne na nusu hivi, kwa hiyo msidhani kimo kikishuka nusu maji nayo yamebaki nusu. Ndiyo maana yule kijana wa Mei msimwache arudi na namba moja. Anzeni kupima wiki hii, mfike Oktoba mkiwa na daftari. Na hiyo 2 au 7, nakala ya kibali ipo kwenye rejista ya bonde, nenda kaombe waisome wao.